Daftari Halilali na Fedha

Wingu letu liko Chumbageni, ghorofa ya kwanza,
juu ya duka la vipuri vya baiskeli.
Lina sakafu ya vigae, mlango wa chuma,
na kiyoyozi kinachodondokea ndoo ya rangi:
ndiyo mvua yake yote.

Leo tunasajili.
Sechonge amechutama, tochi ya simu mkononi,
anazisoma namba za kiwandani herufi kwa herufi,
kwa sauti ya babu yake alipohesabu marobota ya mkonge.
Seva kumi na nne. Makabati mawili ya diski.
Swichi tatu, moja imechubuka ubavu
ilipoteremshwa kwenye guta.

Kazi si ngumu, inachosha tu.
Uipe mashine anwani, uiulize ina bongo ngapi,
kumbukumbu yake yabeba kiasi gani,
kisha uimimine bwawani pamoja na wenzake.
Ikishamiminwa haina mwenyewe.
Hakuna tena seva ya maji, seva ya ushuru, seva ya zahanati;
mwenye haja hubisha hodi, bwawa likamkatia,
bongo mbili kutoka hii, nafasi kutoka ile,
naye hajui ameazima kwa nani.

Jana usiku, Barabara ya Kumi na Mbili,
mama akimenya muhogo aliniuliza wingu ni nini.
Nikazunguka, nikapotea. Mwisho nikasema: upatu.
"Si ungeanzia hapo," akasema.
"Kila mtu atia chake, hakijulikani kipi cha nani,
zamu ikifika unapewa. Kijumbe nani?"
"Mimi."
Akaweka kisu chini.
Anawakumbuka vijumbe wote wa Ngamiani,
hata yule Mwanamvua aliyehamia Korogwe usiku wa manane
na zamu za wanawake kumi na mmoja.
"Na daftari walilaza wapi?"
Humohumo bwawani, mama, kwenye diski.
Hakucheka.
"Daftari la upatu halilali na fedha,"
akasema, akaurudia muhogo wake.

Basi leo nimekuja na kauntabuku la kwaya tatu.
Sechonge ananisimanga:
mitambo ya mamilioni, wewe wachora mistari kwa rula!
Nachora.
Siku bwawa likikauka, nani atajua
lilijazwa na nini?

Ya saba imetoka wodi ya wazazi, Makorora.
Ubavuni ina plasta ya hospitali,
na juu yake, kwa kalamu nzito:
MWANAKHERI. USIMZIME.
Si *usiizime*. *Usimzime*.
Muuguzi gani huyu, zamu ya usiku gani,
aliyeitia mashine katika ngeli ya watu?

Fomu inataka TNG-SV-07.
Nimeandika TNG-SV-07.
Chini yake kuna kisanduku: Maelezo (si lazima).
Kale kamstari kanapepesa, kanapepesa, kananingoja.
Nimekiacha kitupu.
Plasta nimeibandua polepole kwa ukucha,
nikaibandika kwenye kauntabuku, mstari wa saba,
pamoja na nywele moja iliyonasa kwenye gundi,
sijui ya nani.

Saa kumi na moja swichi iliyochubuka inagoma.
*Anwani hii imeshachukuliwa*, inasema.
Na nani? Tunapekua skrini hadi macho yanatoka machozi.
Bwawa limemeza, halisemi.
Nafungua kauntabuku, natelemsha kidole:
nilimpa Mwanakheri, saa tano kasoro,
Sechonge alipokwenda kufuata chai.

Hapo hacheki tena.
Anaikung'uta suruali vumbi la magotini.
"Mnyang'anye," anasema.
Kisha, akiitazama ile ndoo iliyokaribia kujaa:
"Lakini usimzime."